Alipoomba Kabambare

Sijui kwa nini Baba alinunua kamusi ile. Ilikuwa ya Kiingereza na Kiswahili, haina jalada, imekuja na shehena ya chumvi na sabuni kutoka Kigoma, na katika Kasongo yetu Kiingereza hakikuwa na kazi. Wabelgiji walitaka Kifaransa, mwalimu wa chuo cha Kurani alitaka Kiarabu. Nadhani aliinunua ili kurasa zake zifungiwe karanga. Dada yangu aliificha kabla ukurasa wa kwanza haujachanwa.

Alikuwa amenipita miaka miwili. Mimi nilipelekwa shule ya serikali. Yeye alihitimu Kurani, kisha akaambiwa inatosha. Herufi za Kizungu nilimfundisha mimi, kwa chaki, juu ya kaunta ya duka la Baba. Kifaransa nilimshinda bila jasho, Kiarabu alinishinda yeye. Kiingereza hatukuwa nacho wote wawili, na ndiyo maana tulikipenda.

Alasiri, wateja wakipungua, mmoja wetu alitaja idadi ya herufi na mbili kati yake: "Herufi tano, R na M." Mwenzake alitafuta neno la Kiingereza kichwani, bila kufungua kamusi. Mara ya kwanza nilisema *storm*. Dada akalitafuta kwenye kamusi, akalikuta, akanuna mpaka magharibi. Aliyeshindwa alitoa mji, kama katika vitendawili, na aliyepewa mji alisimulia alivyokwenda huko na alivyopokelewa, ndipo akataja jibu.

Dada alikuwa na tamaa ya miji. Nilimpa Kindu, Ujiji, Kigoma mara nyingi. Wamaza na Lusangi alizikataa. "Huko nitalima tu," alisema. "Nipe muji uko na maduka." Kabambare pia hakuitaka. Aliona ni karibu mno kuitwa safari.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Kabambare alileta posa. Alikuwa amefiwa na mke, mtu mzima, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Baba alimpenda. Akasema Ijumaa atakwenda na mashahidi wawili kumuuliza binti mwenyewe, kama dini inavyotaka, na mimi nifuatane nao.

Hilo la kumuuliza lilinikera kuliko posa yenyewe, maana kwetu mwali akinyamaza amekubali.

"Na anayenyamaza kwa woga?" nilimwambia Baba.

"Shule yako imekufundisha kuuliza," alisema. "Kungoja jibu watakufundisha lini?"

Nikaandaa hotuba. Akinyamaza tu, nitasema mbele ya mashahidi kwamba kimya si neno, na kwamba binti huyu anajua kusoma kuliko nusu ya wanaume wa mtaa. Tatizo langu lilikuwa moja: sikujua anataka nini. Kila nilipomuuliza alinituma maji.

Alhamisi alasiri tukacheza.

"Herufi tano, J na C," alisema Dada.

Lilikuwa neno jepesi, nilikuwa nimelipita mara nyingi kwenye kamusi. Lakini kichwani mlikuwa na hotuba tu.

"Nimeshindwa, yaya," nilisema, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Nipe muji."

"Nakupa Kigoma."

"Kigoma nimeenda mpaka nimechoka. Nipe Kabambare."

Nilimtazama. Alikuwa anapanga sabuni, hakuinua macho.

"Haya. Nakupa Kabambare."

"Nilienda Kabambare," akaanza. "Barabara mubaya, nikafika na vumbi mpaka kwenye meno. Wakanipokea. Mihogo yao haina chumvi, nikanyamaza, mimi mugeni. Nikakuta kuko duka la vitambaa, na mwenye duka hajui kusoma. Nikamusomea maandishi ya marobota yote, ya Kifaransa na ya Kiingereza. Akanipa ufunguo. Hakuna mutu aliniambia inatosha."

"Na ukifika ukute si hivyo?"

"Mudogo, muji umeshatoa. Sasa ni wangu."

"Na yeye mwenyewe, unamtaka?"

"Wewe ulinipa muji," alisema, "hukunipa mume. Jibu ni *juice*."

Ijumaa tulisimama nje ya pazia la chumba cha wanawake. Baba hakuwa amemaliza kutaja jina la mposaji, sauti ikatoka ndani: "Nimekubali, Baba." Shahidi mmoja, mzee, alikohoa na kutazama miguu yake, maana mwali hapaswi kuharakisha hivyo. Mimi nilibaki na hotuba yangu mdomoni, ya kumtetea binti mwingine kabisa.

Chuo kikuu kimenifundisha kutilia shaka mengi, na kukubali kwake nako nimekutilia shaka. Pengine alinihurumia, akanisimulia mji ambao hakuuamini, ili nisimgombanishe na Baba. Sijamuuliza. Nakumbuka tu kwamba wiki ya pili baada ya harusi nilikaa dukani, nikataja herufi sita, L na N, kwa sauti, nikangoja. Mteja mmoja mlangoni aliuliza kama ninamwambia yeye.