Komeo la Upande wa Nje

Mtaa mzima ulimwita Fundi Komeo, hata mkewe alipokuwa na hasira naye. Kazi yake ilikuwa vitasa, makufuli, bawaba na makomeo, na tangu aijue kazi hiyo alikuwa na mwiko mmoja: haulizi mambo ya ndani ya nyumba ya mtu. Anapima, anatoboa, anakaza skrubu, anachukua chake anakwenda zake. Wateja walimpenda kwa hilo, naye akavimba kichwa, akaona hiyo ndiyo heshima ya fundi.

Asubuhi hiyo mdogo wake alimwita nyumbani kwake, amfungie komeo kwenye mlango wa chumba cha kulala. Kazi ndogo, ya kumaliza huku unapiga soga. Fundi alikuwa ukumbini, ameshatia alama ya penseli kwenye fremu, drili iko mkononi, shemeji yake alipochungulia kutoka chumbani.

"Shemeji, hilo komeo likikaa huko nje, mimi huku ndani nitalifunguaje?"

Fundi akacheka, akidhani kakosea upande. Akamgeukia mdogo wake ili wacheke wote. Mdogo wake hakucheka.

"Hujakosea, kaka. Wewe toboa tu. Siku hizi anatoka ovyo, mara kazini, mara kwa mashoga zake. Nikienda kwenye shughuli zangu nataka nijue yuko wapi."

"Umfungie mtu mzima kama kuku?"

"Mke wangu, nyumba yangu. Hutaki, acha. Mafundi wamejaa tele."

Mafundi walikuwa wamejaa kweli, tena wote wana mwiko ule ule wa kutouliza. Fundi akatembea ule ukumbi mfupi hadi mwisho, akarudi, akashika drili, akaiweka chini. Mwishowe akachomoa bisibisi, akafungua bawaba zote, mlango ukamlalia begani. Tuone sasa hilo komeo watalifunga wapi! Akatoka nao, mdogo wake nyuma anatukana kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Njiani watu walimtania. "Fundi, unahama na mlango peke yake? Nyumba inafuata kesho?" Akawajibu kwa mzaha, akajiona dume la nguvu. Lakini mbele kidogo raha ikamwishia. Aliuweka mlango bega hili, akauhamishia lile, na kote ulimkera. Kuna kitu hakikukaa sawa, asijue ni nini. Alipofika kwenye kibanda chake, simu ikaita. Alikuwa mama yao. Mdogo mtu alikuwa ameshampigia simu kushtaki.

"Umemng'olea mwenzako mlango?"

"Alitaka komeo la nje, mama. Amfungie mkewe ndani."

Fundi akangoja sifa zake.

"Na huyo binti umemwacha na nani?"

Alikuwa ameokoa mbao na bawaba, mtu akamwacha mle ndani na mwanamume ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha hasira. Muda wote ule alibishana na mdogo wake, na shemeji yake kasimama pale pale, hakuna aliyemgeukia. Aliona haya hadi masikio yakapata moto. Mlango akautupa chini, akarudi mbio kwa njia aliyojia, na wale watani wake hakuwajibu.

Aliwakuta ukumbini. Shemeji yake alikuwa na mkoba wa nguo mkononi, na mumewe ameukamata mkanda wa mkoba huo huo, anasema naye polepole, meno yamebana. Fundi aliogopa. Huyu mdogo wake ni mtoto aliyembeba mgongoni, na sasa hakujua atamfanya nini. Akaingia katikati yao.

"Achia."

"Kaka, kwani wewe uko upande wa nani?"

Fundi aliushika ule mkanda, akauvuta hadi vidole vya mdogo wake vikalegea, kisha akamgeukia mwanamke.

"Shemeji, wewe unataka nini?"

"Kwenda kwa dada yangu," akasema. "Ulipoanza kung'oa mlango, nilidhani umekuja kunitoa mimi."