Mahali Alipokula Baba

Safari ya kwenda kuona mgodi wa zamani wa bati ilipangwa na kikundi chetu cha akina mama wa usharika, na niseme ukweli, nusu yao hawakuwa na habari na mgodi. Walichotaka ni kufika Murongo, wanunue vitenge vinavyotoka upande wa Uganda, warudi nyumbani. Lakini mchungaji alikuwa ameshatuombea safari yenye mafunzo, mbele ya kanisa zima, kwa hiyo ilibidi mafunzo yapatikane mahali fulani. Mgodi ukawa ndiyo mafunzo.

Mama yangu si mwanakikundi. Ni mzee sana sasa, mgongo umepinda kwa palizi ya migomba, na miguu yake huchagua siku za kufanya kazi. Niliwataja wale wa kikundi na mgodi wao kama habari ya kupitisha muda tu, tumekaa barazani tunachambua maharage. Akasukuma ungo pembeni.

"Na mimi nakwenda," akasema.

Nikamwambia ni mbali. Akanijibu kwamba anajua, aliishi huko kabla mimi sijazaliwa.

Hilo nililijua. Kabla hawajarudi kijijini kwetu Ihembe kupanda kahawa, Baba alikuwa mchimbaji, na yeye na Mama walikaa kwenye kibanda karibu na mgodi, wakiwa ndio kwanza wameoana. Kila mchana Mama alimpelekea chakula. Alifika mdomoni mwa handaki na hapo hapo aliishia, kwa sababu wachimbaji waliamini mguu wa mwanamke ukiingia ndani bati hukimbia, na hata wakichimba mwaka mzima hawatalipata tena. Alimkabidhi msimamizi kikapu, akasubiri nje mpaka kirudi kitupu.

Ambalo sikulijua ni kwamba alikuwa bado analitaka lile handaki. Jioni ile ndipo aliponieleza. Chakula kile hakukitupia tu kwenye majani ya mgomba kama walivyofanya wake wengine. Alikipanga. Ndizi alizikalisha katikati, maharage upande mmoja, mboga upande mwingine, na Baba akirudi jioni, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, alimwambia, "Leo umepanga vizuri. Nimeangalia kwanza kabla sijala." Mama alilelewa katika nyumba ambamo kupika kulikuwa kazi kama kuchota maji, hakuna anayekushukuru kwa kuchota maji. Maneno yale yalimwingia. Waliporudi Ihembe na Baba akaanza kula nyumbani kama watu wengine, sifa zikapungua, kama zinavyopungua kwa waume wote, lakini zile za mgodini Mama alikuwa amekwisha kuzipata na hakuna wa kumnyang'anya.

"Nataka kuona alipokuwa anakaa akitazama chakula changu," akaniambia. "Basi. Nikishapaona sina shida nyingine."

Baba tumeshamzika, yuko kwenye kibanja, chini ya migomba nyuma ya nyumba. Ningemwambiaje hapana? Nikamwambia hapana hata hivyo, kwa sababu mimi ni mwoga na uoga wangu hutoka kinywani ukiwa umevaa nguo za ukali. Nilimwambia atateleza, atakosa hewa, atatupa kazi ya kumbeba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza gari linaondoka saa ngapi.

Tulikodi kosta, tukaondoka asubuhi na baridi. Kufikia Nyakatuntu akina mama walikuwa wameshamaliza nyimbo za kwaya na karanga zote. Mahali fulani ng'ombe wenye pembe ndefu waliziba barabara, na mchunga ng'ombe akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokosea njia. Dereva alipiga honi. Ng'ombe mmoja akasimama kabisa, akatugeuzia mgongo. Mama alikaa dirishani na kitenge chake kipya na raba za mjukuu, nikamwona anatabasamu peke yake, na mimi nikaanza kulainika.

Mgodini tulipokewa na mwongozaji, kijana ambaye bado hajafika miaka thelathini, buti za mpira, tochi kichwani, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wageni mambo yaleyale. Hakufika mbali na maelezo yake. Mwenyekiti wetu alinyoosha mkono, na mkono wenyewe umeshika futi ya kupimia.

Naomba nimtetee kidogo. Kikundi kina banda la kuku ambalo paa lake limeoza, na Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili, bati linalochimbwa na bati la kuezekea. Mwenyekiti alikuwa amekuja kuangalia kama kuna mabaki.

"Mwanangu," akamuuliza mwongozaji, "huko chini yanatoka yakiwa yamenyooka au yamekunjwa?"

"Nini, Mama?"

"Mabati."

Kijana wa watu alijikaza. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kijiwe cheusi kisichofika ukubwa wa yai, akamwekea kiganjani. Mkono wa mwenyekiti ukashuka kwa uzito ambao hakuutarajia. Akakigeuza huku na huku.

"Hili ndilo bati?"

"Ndilo hilo, Mama."

"Basi kuku wavumilie," akasema, akarudisha futi kwenye mkoba. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na mimi nilicheka kuliko wote, ingawa utotoni nilikuwa nawaambia wenzangu shuleni kwamba paa la nyumba yetu baba yangu alilichimba mwenyewe.

Kicheko kilikatika tulipofika mdomoni mwa handaki. Ni tundu la kawaida tu kwenye ubavu wa kilima, limeshikiliwa na magogo, na hewa ya baridi inatoka humo kana kwamba mtu ameacha mlango wazi upande wa pili. Pembeni paliwekwa benchi na kreti la soda. Mwongozaji alitugawia kofia ngumu, na alipofika kwa Mama akaipitisha ile kofia, akampa mtu aliyefuata.

"Bibi yangu, wewe utapumzika hapa na soda yako," akasema kwa upole. "Wazee huwa tunawaacha mlangoni. Ndani ni kuinama, kuna maji, kunateleza."

"Mlangoni nilishafika," Mama akasema. "Nimekaa hapa kabla baba yako hajazaliwa. Nimekuja niingie."

"Bibi, ni kuinama mwanzo mpaka mwisho."

"Nitazame. Mimi nimeshainama tayari. Nyinyi warefu ndio mtakaopata taabu."

Akina mama wakacheka, lakini kijana hakucheka. Alinigeukia mimi, mtoto wa mwenye kesi, akitafuta msaada, na mimi nikampa. Nilisema Mama, mwongozaji ana haki, kaa, tutakusimulia. Mama alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuielezea hapa. Kisha akaniacha, akamsogelea kijana, akaanza kumsemesha kwa Kinyambo, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Alimuuliza nyumbani kwao ni wapi. Alimuuliza baba yake ni wa ukoo gani.

Kijana akautaja ukoo.

Mama akapiga makofi mara moja. Kisha, mbele ya kosta nzima, bikizee yule akapiga goti nusu kwa yule kijana wa buti za mpira.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Kwa msomaji wa mbali lazima nieleze. Ukoo alioutaja kijana ndio ukoo aliotoka mama yake Mama. Kwetu, mwanamume yeyote wa ukoo wa mama yako ni mjomba wako, hata kama ananyonya. Na mjomba si mtu wa kukunyima kitu. Unaweza kwenda kwake ukala, ukachukua na kuku wa kuondoka naye, na yeye akakusindikiza. Kijana alijua hayo yote, nilimwona usoni anavyoyajua. Alitazama juu, akatazama benchi lake na kreti lake la soda. Hakuna mtu aliyemfundisha kazini afanye nini mpwa wake akiwa na umri wa bibi yake.

"Marahaba," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, na wanawake wakapiga vigelegele. "Lakini utanishika mkanda, Bibi. Na tukifika pabaya nikisema turudi, tunarudi."

"Nitakushika, mjomba."

Akamvalisha ile kofia yeye mwenyewe, akaikaza chini ya kidevu.

Tuliingia hivyo: mwongozaji mbele, Mama ameng'ang'ania mkanda wake, mimi nyuma nimenyoosha mikono yote miwili kama mtu anayefukuzia kifaranga. Wengine wakafuata na sala zao. Dari lilikuwa chini kweli, na Mama alikuwa amesema kweli pia: alipita bila kugusa kitu, wakati kofia yangu iligonga mwamba kila baada ya muda na mwenyekiti huko nyuma alikuwa anaomba msamaha kwa kila gogo alilolipiga kichwa. Maji yalidondoka kwenye shingo. Chini palikuwa na vipande vya reli iliyooza, na kwenye kuta mwongozaji alitumulikia mstari wa jiwe jeupe uliokuwa unakwenda na kupotea, akasema bati lilikaa humo, na watu waliufuata mstari huo kwa nyundo na tindo, wengine wakilala ubavu. Niliogopa, sifichi. Lakini kulikuwa na raha pia, ya kuwaona watu wazima tunaoheshimiana kanisani wanatambaa kwa mstari kama watoto chini ya kitanda.

Baada ya kona handaki likapanuka. Tuliweza kusimama wima, wale tuliokuwa tunaweza. Ukutani mwamba ulikuwa umechongwa kama benchi refu, na ukingo wake ulikuwa laini, umelainishwa na makalio ya watu.

"Hapa ndipo walipokuwa wanakula," mwongozaji akasema.

Mama aliachia mkanda. Alikwenda akaupapasa mwamba, kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule, bila haraka, nasi tukamfuata kwa tochi. Alichagua mahali karibu na kona, akakaa, akaweka mikono magotini viganja juu. Alitazama pale mikononi, kisha akatutazama sisi.

"Panatosha," akasema. Alikuwa ameridhika, uso mzima. Nikasema moyoni asante Mungu, tumepaona, hakuna aliyeumia, sasa turudi.

Lakini ziara ilikuwa na utaratibu wake, na kijana akaufuata. Alituomba tuzime tochi zote, za kichwani na za simu. Tukazima. Giza lile sijawahi kuliona mahali pengine. Nilifumba macho, nikafumbua, hapakuwa na tofauti.

"Walikula hivi," sauti yake ikasema. "Kabidi, ile dawa ya kuwashia taa, ilikuwa ya kupimiwa, ni ya kazi tu. Muda wa chakula msimamizi alipita anazima taa zote. Mtu alipokea chakula chake gizani, akala gizani, akamaliza ndipo taa zikawashwa."

Nilielewa kabla hajamaliza: Baba hakukiona chakula kile hata siku moja. Hakukuwa na wa kumlaumu. Kijana alikuwa anasema tu anayoyasema kila siku, na Baba hayupo. Nilinyoosha mkono kumtafuta Mama nikagusa mwamba. Nilifikiri, tumemleta mzee wa watu mpaka chini ya ardhi kuja kumpokonya kitu pekee alichokuwa nacho.

"Mjomba," Mama akaita. "Hata mmoja hakuwasha?"

"Hata mmoja, Bibi."

Maji yakadondoka. Kisha nikasikia sauti niliyodhani ni kilio, nikapiga hatua kuifuata, nikagundua ni kicheko. Mama alikuwa anacheka kwa tumbo, peke yake, gizani.

"Omubeihi!" akasema. Mwongo. "Omubeihi yule! Nimeangalia kwanza, nimeangalia kwanza!"

"Mama, pole," nikasema.

"Pole ya nini? Wewe nisikilize. Msimu mmoja nilikaanga senene, nikazipanga juu ya ndizi, mduara, katikati nikaacha wazi. Hakuna aliyeniona nikizipanga. Jioni aliniambia: leo senene umezizungusha, na katikati umeacha pengo." Akavuta pumzi. "Aliona kwa macho gani humu ndani?"



"Alipapasa," Mama akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Na njaa yake yote ile, wenzake wanakula, yeye alianza kwa kupapasa. Kidole kwa kidole. Ili jioni awe na la kuniambia."

Nilimsikia anahema. Mmoja wa akina mama nyuma yangu alivuta kamasi. Mimi nilikuwa nalia na sikujali, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona, na sikumbuki kama nimewahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika zile. Mwongozaji alikohoa, akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kuwasha tochi.

Nikasikia viganja vya Mama vikipita polepole juu ya mwamba.

"Ngoja, mjomba," akasema. "Usiwashe kwanza."