Shuka Nne za Agronome wa Lubarika

Mtu alikaribia kuuawa kwa sababu ya shuka nne nyeupe.

Si utani. Nilikuwepo, Lubarika, upande wa Uvira, mwaka 1964.

Onesphore alikuwa agronome wetu, bwana shamba wa mpunga. Mimi nilikuwa mtu wa pompe: unabeba dawa mgongoni, unaingia ndani ya mpunga, unapuliza mpaka mabega yanachubuka.

Mwezi wa tatu mpunga ukashikwa na ukungu. Onesphore akagawa shamba. Upande mmoja sisi na pompe zetu, upande wa pili ndege ya kupuliza dawa.

Watu wanne wakasimama kwenye pembe, wakipunga shuka nyeupe za Onesphore ili rubani aone pa kupita.

Ndege ikamaliza kwa dakika ishirini. Sisi, siku tatu.

Nikajua kazi yetu imekufa. Tena upepo ukabeba dawa ya ndege mpaka kwenye maharagwe ya mama yangu. Majani yakaungua yote.

"Vumilia, Kayumba," Onesphore akasema. "Tunapima kwanza, tujue njia gani iko nzuri."

Nivumilie nini? Moto ulinipanda.

Mwezi wa tano waasi wakateka Uvira, wakafika na kwetu. Ndege za vita za serikali zikaanza kuwapiga. Komanda wa waasi akawa anauliza kila mahali: nani anaziita?

Nikamfuata pembeni. Kwa mdomo wangu huu nikasema:

"Agronome iko na shuka za kuita ndege."

Wakamtoa nyumbani na shuka zake. Mke wake, Claire, akiwafuata kwa vilio. Wakampiga Onesphore kitako cha bunduki, damu ikamwagika.

"Minye sikuita ndege ya vita! Shuka zilikuwa za ndege ya dawa!" akalia.

Wakamsimamisha ukutani wampige risasi. Kumbe sikutaka afe.

Nikakimbia mbele. "Komanda, ni kweli! Njoo uone shamba!"

Komanda akanitazama sana. Kisha akatupeleka shambani, mimi na Onesphore.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Kiringye. Akainama, akapanua mpunga kwa mikono yake. Upande wa pompe, mashina mazima. Upande wa ndege, juu kijani, chini kumeoza. Dawa haikufika.

"Huyu alikuwa anapima dawa," akasema. "Mumuache."

Msimu uliofuata, wa kwanza kuitwa kazini nilikuwa mimi.

"Ndugu yangu, uliniokoa," Onesphore akasema.

Ningemwambiaje? Nikabeba pompe yangu, nikaingia ndani ya mpunga. Miaka thelathini na moja tulikula pamoja, nikampa mtoto wangu jina lake.

Siku tulipomzika Onesphore, nilishindwa kuificha tena. Nikamvuta Claire, mama wa kijana wao Damien, kando.

"Mama Damien, minye njo nilimuchongea kwa Komanda."

Hakushtuka.

"Alijua. Komanda alimwambia palepale shambani."

"Na hakuniuliza?"

"Alikuwa anangoja umwambie weye mwenyewe. Kila mwaka alisema: labda mwaka huu."

Nilikaa chini kwenye udongo mbichi, mbele za watu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu ulimkosea na bado anapumua, inuka uende leo. Mimi ninaongea na kaburi, na halinijibu.