Bi Solda na Taa ya Baba Yake

Bi Solda hajui kubembeleza mteja. Ukimpelekea redio mbovu anaifungua, anainusa, anakuonyesha palipoungua, na bei yake haishuki hata ukimwaga machozi. Miaka tisa napatana naye bei, sijashinda hata siku moja. Aliyemtoa jasho ni mmoja tu: baba yake mzazi, mpiga gita.

Gita la mzee lilikuwa na kisanduku cha kukuza sauti, kinachotumia betri. Mara mbili betri ilikata roho katikati ya wimbo, mzee akabaki anakuna nyuzi kama mwenye upele. Kiongozi wa bendi akamwambia mara ya tatu nafasi yake anapewa mwingine.

Binti akamtengenezea kisanduku kisicho na betri. Mashine ya kuchanganyia sauti ya ukumbi ambamo bendi hupiga hupeleka umeme kidogo kwenye waya wa maikrofoni. Umeme unakwenda, sauti inarudi, waya uleule. Kisanduku kinakunywa humo humo.

Mzee akakigeuzageuza, akauliza taa iko wapi. Akaambiwa haihitajiki. Akasema hakai mbele za watu na kitu kisichojulikana kimeamka au kimelala. Basi binti akaweka taa nyekundu. Walipojaribu, taa iling'aa kama jicho la paka, gita likakoroma kama mtu mwenye mafua.

"Baba, chagua. Taa au sauti."

"Vyote viwili. Nani alikusomesha?"

"Wewe, tena hesabu. Umeme wenyewe ni wa kijiko, na taa imeshaunywa."

Mzee akanuna. Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaleta chupa yake ya rangi ya kucha. Bi Solda akang'oa taa, akaziba tundu, akadondosha tone jekundu juu yake.

Jioni ile ukumbini mzee aliinama, akalitazama doa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyimbo kumi na moja, gita halikukatika hata mara moja. Kiongozi wa bendi akamwomba wiki ijayo afungue onyesho yeye.

Nyumbani akamwambia bintiye, "Taa yako ni imara, mwanangu. Nimechomoa waya, bado inawaka." Akamkonyeza mkewe.

Nami nina gita, nikaagiza kisanduku changu. Nikadai nipunguziwe, maana hakina taa. Bi Solda akaifungua ile chupa.

"Nyekundu ndiyo iliyopo," akasema. "Taa nakupa bure."