Kosa la Skola Lisilo na Jina

Nina hasira na sitazificha. Anayetaka habari za Skolastika Maganga zilizopozwa na kupepewa akamuulize mwingine. Wako wengi kanisani kwetu wanaojua kusema kwa upole huku wamemkaba mtu koo.

Skola ni fundi cherehani. Anakaa Kikwajuni, chumba na ukumbi, na cherehani yake iko ukumbini, karibu na dirisha linalotazama njiani. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyevuka bahari kuja kisiwani kuchuma karafuu asirudi. Baba yake kazaliwa hapa, yeye kazaliwa hapa, na ukimsikia akizungumza hutamtofautisha na mtu wa Malindi. Mumewe, seremala, alikufa zamani bila kumwachia mtoto. Anashona sare za skuli, mabuibui ya majirani, majoho yetu ya kwaya, na kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana, ambacho hukifua na kukipiga pasi mwenyewe kwa kuwa haamini pasi ya mtu mwingine.

Msidhani nasimulia habari za malaika. Skola ana ulimi, na ana msimamo wa kuchosha. Ukimpelekea kitambaa cha gauni fupi atakushonea refu, kisha akutazame mpaka uone haya kulalamika. Mabaki ya kitambaa hukurudishia hata yakiwa hayatoshi kufutia pua. Kuna kijana mmoja wa kwaya alikuwa akimpiga mkewe. Skola alimwita kwa kisingizio cha kumpima joho, akafunga dirisha, akamwambia aliyomwambia. Mimi nilikuwa nje barazani na sikusikia kitu, ila nilimwona kijana akitoka, na jasho alilokuwa nalo si la joto. Ndivyo alivyo. Akitaka kukukanya hufunga dirisha kwanza. Akimaliza hulifungua, na hutamsikia akilipeleka neno lile kwa mtu mwingine.

Mwaka jana, wakati wa masika, akaja Yustina. Ni msichana wa bara, wa huko Songea, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Kendwa. Mpishi wa hoteli alimpa mimba, akavuka kwenda Dar es Salaam akidai ana msiba, na simu yake haijapatikana hadi leo. Tumbo lilipoanza kuonekana, wenye hoteli wakamwambia apumzike, neno zuri la kumfukuza mtu. Akaja mjini, akaingia kanisani kwetu Jumapili kwa kuwa hakujua mlango mwingine, akakaa benchi la nyuma akilia. Ibada ilipokwisha watu walimpita wakimtazama tumbo. Skola ndiye aliyesimama, akamuuliza kama amekula.

Nilikuwepo siku ile ukumbini kwake, nikifumua mshono wa joho langu. Skola akafunga dirisha. Akamwambia msichana kwamba alilofanya ni dhambi na asijidanganye kuliita jina jingine, kwamba yule mpishi naye katenda dhambi na kuongeza uoga juu yake, na kwamba katika nyumba ile hataingia mwanamume. Yustina aliitikia kwa kichwa tu. Kisha dirisha likafunguliwa, akapakuliwa wali na mchuzi wa samaki changu. Tangu hapo sikumsikia Skola akimtajia kosa lake tena. Alimfundisha kutia vifungo na kupinda pindo za nguo, na jioni wakawa wanashona vinguo vya mtoto.

Sasa Mzee Ezron, kiongozi wa wazee wa kanisa letu. Nimejaribu kumtafutia aibu. Ningemfuma na hawara, au mkono wake ndani ya sadaka, ningelala usingizi mzuri. Hana. Pombe haigusi, mkewe anamheshimu, na asubuhi ya Jumapili hufika kabla ya mlinzi. Ni mtu safi kweli, na usafi wake anautumia kama tochi ya kuwamulikia wengine machoni.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kwa Skola na wazee wawili, dirisha likiwa wazi, wakazungumza mbele ya wateja. Alisema kanisa lina mabinti na mabinti wanatazama. Mtu aliyekabidhiwa kitambaa cha Meza akimweka nyumbani msichana mwenye mimba ya nje ya ndoa, hao mabinti tutawaambia nini? Swali hilo si la kijinga, na ndilo linaloniudhi zaidi, maana lilistahili kuulizwa na mtu anayetaka jibu. Mimi nina binti. Sitaki akue akidhani hakuna halali wala haramu. Skola naye hataki, pengine kumshinda Ezron. Alimjibu bila kusimamisha cherehani.

"Nshamkanya, Mzee. Sasa nnamlisha. Hayo mawili hayagombani."

Ezron akasema kulisha ni kulea, na anayelea dhambi ana fungu lake ndani yake. Amtoe msichana, la sivyo atatengwa.

Kwa asiyejua mambo yetu, kutengwa ni kuzuiwa Meza ya Bwana. Huli mkate wala hunywi divai pamoja na wenzako, jina lako hutangazwa mbele ya ushirika, na ukitaka kurudi kundini husimama mbele ya watu wote ukatubu kwa sauti. Wazee wetu walituambia kwamba zamani hiyo ilikuwa dawa ya mwisho, ya mtu aliyekanywa faraghani akakataa, akakanywa mbele ya mashahidi akakataa. Siku hizi imekuwa fimbo ya kwanza kushikwa.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa lile la mtu anayeona kibanzi katika jicho la mwenzake na boriti imo katika lake. Sitanii. Ezron mwenyewe ndiye aliyelisoma, kwa ile sauti yake nzuri, akafunga Biblia, akaingia kwenye matangazo, akasema Skolastika Maganga ametengwa mpaka atakapoiondoa dhambi nyumbani mwake. Mchungaji wetu, kijana aliyeletwa juzijuzi na anayewaogopa wazee kuliko anavyomwogopa aliyemtuma, alitazama viatu vyake. Watu walipoinuka kwenda mezani Skola alibaki ameketi, akikitazama kitambaa alichokipiga pasi Jumamosi.

Kesho yake nilimfuata Ezron dukani kwake, anakouza rangi na misumari, nikamwambia maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama basi tuache kila mtu afanye atakavyo, kisha akaniambia kwa utulivu kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikimhukumu. Nikamwambia moyo wake siujui na simhukumu. Naliona alilofanya, na alilofanya ni baya, na nalisema mbele yake wala si nyuma yake. Hapo akaanza kumhudumia mteja. Nilirudi nyumbani na hasira zaidi, kwa sababu alikuwa na haki robo, nami nilitaka asiwe na haki hata chembe.

Habari za Kikwajuni hazihitaji miguu. Bi Kidawa, Muislamu, mtu mzima, jirani wa ukuta mmoja na Skola, aliambiwa na wajukuu wake kwamba kanisani wametangaza habari ya Fundi Skola na meza. Neno alilolishika yeye ni kutenga, na kwake kutenga ni kuandaa: mgeni hutengewa chakula, na anayetengewa peke yake ndiye mkubwa wa shughuli. Jioni ile nilikuwa kwa Skola alipoingia na mkate wa kumimina, ule wa mchele, bado wa moto, kaubeba kwa mikono miwili. Skola akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Nasikia wenzio wamekutengea meza kanisani."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Skola aliupokea mkate, akamketisha, akamweleza taratibu kwamba si kutengewa, ni kutengwa, na kwamba hatakula na wenzake mpaka amtoe Yustina. Bi Kidawa akauliza.

"Meza yenyewe ya nani?"

"Ya Bwana Yesu."

"Si yao?"

"Si yao, Bi Kidawa."

Bi Kidawa aliomba kisu, akaukata mkate, akasema kipande cha kwanza ni cha mwenye mimba. Tulipomwita Yustina hakuitika. Jumapili ile hakuja kanisani, miguu ilikuwa imemvimba, nasi tulikubaliana asiambiwe lolote. Kumbe alikuwa nyuma ya pazia la chumba, amesikia yote.

Asubuhi yake Skola alikwenda Darajani kununua uzi, na aliporudi msichana hayupo. Kakunja shuka, kafagia, na vile vinguo vya mtoto kaviacha juu ya cherehani, kana kwamba navyo havikuwa vyake. Mimba ilikuwa ya miezi ya mwisho. Skola alimtafuta bandarini, akamtafuta hospitali, akampigia simu mpaka ikazimwa. Wiki nzima hakushona kitu. Nilikuwepo alipofiwa na mume, na hata wakati ule hakuwa vile.

Na kanisani walisema nini? Walifurahi. Ezron alipeleka salamu kwamba amesikia msichana kaondoka, Mungu asifiwe, Skola aje Jumapili arudishwe kundini. Nilidhani hatakwenda. Alikwenda, kavaa gauni lake jeupe, nami nikamkasirikia hata yeye.

Aliitwa mbele. Ezron aliushukuru ushirika kwa maombi, akasema mwenzetu ameisikia sauti ya kanisa na ameitoa dhambi nyumbani mwake. Kilichobaki ni neno moja tu, aseme natubu.

"Niko tayari kutubu," Skola alisema. "Nshatubu mengi maishani mwangu na sioni haya. Lakini nitajie kosa langu, Mzee, kwa jina lake."

"Unalijua. Kulea dhambi."

"Dhambi haili wali, Mzee. Aliyekula kwangu ni mtu, anaitwa Yustina, na mimi sikumtoa. Kakimbia ili mimi nikae hapa na nyinyi, na leo sijui kalala wapi. Sasa nitubu lipi? Kumpa chakula?"

Ezron alisema kanisa lazima liwe na utaratibu. Skola akasema utaratibu anautaka, na ndiyo maana ameuliza: mwizi hutubu wizi, mzinzi hutubu uzinzi, yeye aambiwe anatubu nini. Akamgeukia mchungaji na kumwomba alitaje yeye. Mchungaji, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, akasema tuendelee na ibada. Hakuna aliyelitaja kosa lile kwa sababu halikuwepo, na kila mtu mle ndani alijua halikuwepo, na bado walikaa wakisubiri mwanamke yule atubu ili mambo yaishe wakale chakula cha mchana.

"Basi nikitubu uongo mbele ya meza hii, hapo ndipo ntakuwa nimetenda dhambi," alisema, akapita katikati ya mabenchi hadi nje.

Nilimfuata na joho langu la kwaya mwilini. Nyuma yangu Ezron alianzisha wimbo, na watu wakaupokea. Kuimba kule sijawasamehe, ingawa najua nimeamriwa kusamehe, nami nalipigania jambo hilo kila ninapopiga magoti. Skola hajarudishwa kundini mpaka leo ninapoandika, na kitambaa cha Meza siku hizi kina mikunjo.

Siku ile, nje ya kanisa, alisema tu kwamba Kendwa ndiko alikokuwa hajamtafuta Yustina, kwa kuwa hakuamini kama mtu angerudi mahali alipofukuzwa. Tukapanda daladala hivyo hivyo, yeye na gauni lake jeupe, mimi na joho, watu wakitutazama. Tuliuliza nyuma ya mahoteli, uani kwa uani, mpaka alasiri tukaelekezwa kwa mwanamke aitwaye Zeyana, aliyewahi kufua na Yustina.

Yustina alikuwa pale uani, kainamia beseni la mashuka na tumbo lile, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Zeyana alitwambia kwamba amemkataza kufua lakini msichana hataki kula bure, anasema aliyemlisha bure mara ya kwanza ameponzeka. Yustina alipoinua macho akatuona, aliliachia shuka majini akajifunika uso kwa mikono yenye povu.

Skola alichota maji ya ndoo akamwosha mikono, mmoja mmoja, akamwambia wanarudi nyumbani. Yustina alikataa. Alisema mama arudi kanisani akakae na wenzake, yeye atajifungua huku huku na hatamsumbua mtu.

"Nikirudi kwako watakutenga, mama."

"Wamenitenga na wewe hupo," Skola alimwambia. "Inuka, twende."