Vichwa vya Toleo la Zamani

Ofisini walimwita Mama Vichwa, na jina hilo hakuwahi kulichukia. Kazi yake ilikuwa kufunga katika kifurushi kimoja mafaili ya vichwa, yale mafaili mafupi yanayotaja kila kitu ambacho maktaba ya programu, ile inayochora madirisha na vitufe kwenye skrini, inaweza kufanya, ili waandishi wa lugha nyingine za programu wajenge madaraja ya kuifikia. Maktaba ikibadilika, vichwa navyo vibadilike. Vikiachana, programu itajengwa bila hata kukohoa, kisha itazimika mikononi mwa mtu.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliingia kazini kwa mgongo wake. Mama Vichwa alimfundisha kila kitu, mpaka akamwonyesha daraja alilokuwa akiliandika mwenyewe kila alipopata nafasi. Shemeji akafuta jina la Mama Vichwa, akaweka lake, akalipeleka kwa bosi. Mama Vichwa alipouliza, alijibiwa mbele ya watu.

"Shemeji, wewe si wa kufunga tu? Endelea kufunga. Haya mengine tuachie."

Watu wakacheka. Naye akacheka pamoja nao. Meza yake ikahamishiwa kando ya mashine ya kuchapa, mahali penye joto na kelele, na kila karatasi iliyotoka pale ilimkumbusha kicheko kile.

Shemeji, kwa kiburi, hakutaka tena kutegemea kifurushi cha Mama Vichwa. Alinakili vichwa mara moja, akavitia kwenye folda yake, akajitapa kwamba hata matangazo ya Mama Vichwa ameyazima, yanampigia kelele. Ndipo maktaba ikabadilika: kubonyezwa kwa kitufe kukadai taarifa moja zaidi. Mama Vichwa alirekebisha kifurushi, akawatangazia wote kama kawaida yake. Kisha akatulia. Alijua nani hatasoma.

Jioni ya kuamkia maonyesho, siku ambayo shemeji angewaonyesha wageni lile daraja, mdogo wake alikuja nyumbani, akamkuta akiosha vikombe.

"Dada, kesho mume wangu akipita, anapewa kitengo akiongoze. Tutahama kile chumba kinachovuja. Nimeshafunga vyombo, unaniona nilivyo na haraka?"

"Nakuona."

"Mambo yote yako sawa huko, si ndiyo? Wewe ungejua."

Neno moja lingetosha. Mama Vichwa aliligeuza mdomoni, akalionja. Halafu akaikumbuka mashine ya kuchapa.

"Muulize mumeo," alisema, akaendelea kusugua kikombe kilichokwisha kutakata.

Kesho yake dirisha la programu lilifunguka kwenye ukuta mweupe, zuri, na shemeji akamwalika mgeni mmoja abonyeze kitufe mwenyewe. Mgeni akabonyeza. Dirisha likatoweka. Wakalifungua tena, likatoweka tena. Shemeji alijipangusa paji la uso.

"Ni vichwa vyake," alisema, akimnyooshea kidole. "Vibovu."

"Hatumii vyangu," Mama Vichwa alimwambia bosi. "Fungua folda yake, utaona ni vya toleo la zamani."

Bosi akafungua, akaona ni kweli. Wageni wakaanza kukusanya mikoba. Shemeji akamsogelea, sauti chini.

"Shemeji, tafadhali. Unajua pa kurekebisha."

"Mimi ni wa kufunga tu."

Alirudi mezani kwake. Utamu wa jibu lile ulimjaa mwilini kama chai ya moto, na hakuuharakisha.

Usiku simu ililia.

"Ulijua?" mdogo wake aliuliza.

Angeweza kusema alitangaza kwa wote, na isingekuwa uongo.

"Nilijua."

Ndani ya simu alisikia maji yakidondokea sufuria, tone kwa tone, katika kile chumba.

"Basi, Dada, usije kwetu kwa sasa."

Simu ikakatika. Mama Vichwa alikaa nayo mapajani, akitafuta majuto ndani yake. Alipekua kila pembe ya moyo wake, akakuta mdogo wake tu, amekaa juu ya vyombo vilivyofungwa. Kwa shemeji hakukuta hata tone.