Kona Iliyofunikwa na Sufuria

Watu walimwita Kimya, na si kwa sababu alikosa maneno. Maneno alikuwa nayo tele. Ukimchokoza kidogo tu kuhusu lenzi, chai yako itapoa ungali umeishika mkononi. Jina lilitokana na kamera yake. Wapiga picha wengine waliingia kwa kishindo, wakamulika flashi mpaka bibi harusi anafumba macho. Yeye alijibanza ukutani na kikamera chake cheusi, kikasema "tik", kama mtu anayefunga kishikizo cha shati, na picha imeshapigwa. Kwa hiyo wakamwita kwenye vyumba visivyotaka kelele: kwa wagonjwa, kwa wakongwe, kwa vichanga vya jana. Ndiyo kazi aliyozeekea.

Sasa kamera hiyo ilikuwa na vituko vyake, na lazima nivieleze, la sivyo hutaelewa kilichompata. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kidogo kilicho pembeni, juu ya lenzi. Katikati ya kidirisha hicho unamwona mtu mara mbili, yeye na kivuli chake. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wawili wawe mmoja, hapo unabonyeza. Raha yake ni kwamba kamera inakuwa ndogo na tulivu. Karaha yake ni kwamba ukiifunga lenzi nene, mwili wa lenzi unajitokeza mbele ya kidirisha na kukufunika kona ya chini, upande wa kulia. Kilicho kwenye kona hiyo filamu inakiona. Wewe hukioni.

Kimya alikuwa na lenzi mbili. Ya kwanza aliiita Kisoda, maana ilikuwa ndogo mno, unaitia mfukoni na kuisahau. Haikuziba kitu kwenye kidirisha, wala haikuchosha mkono. Lakini ilitaka mwanga. Ukiipeleka chumba chenye giza, inabidi uiache wazi kitambo, na mtu akihema tu, picha imetikisika. Ya pili ilikuwa nene, nzito, na kioo chake cha mbele kama jicho la ng'ombe. Hiyo ilikunywa mwanga hata pale ambapo wewe ungeomba mshumaa. Ila ilivuta shingo, ilichosha kiganja, na ukiifungua yote, sehemu inayotoka safi ni nyembamba kama unene wa kidole. Ukilenga jicho, sikio limeshaingia ukungu. Jina lake lilikuwa Sufuria.

Jina hilo alilitoa dada yake.

Dada mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mama yao alipofariki, Kimya akiwa bado anatokwa na kamasi, dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu kwenye ncha, upande wa kiganja, sindano ya cherehani ilipopita siku moja ya haraka. Hakuwa mtu wa kukumbatia, wala wa maneno matamu, hata! Mapenzi yake yalikuwa kwenye kitu kimoja. Wakifika kwenye barabara kubwa, bila kumtazama wala kusema lolote, aliunyoosha mkono nyuma na kukunjua vidole. Basi. Ulijua ni wakati wa kushika. Kimya aliushika mkono ule mpaka ndevu zilipoanza kumchomoza, na wenzake wakamcheka, naye akawaambia wakawacheke dada zao.

Na mtu huyu, jamani, hakuwa na picha. Alikuwa nayo moja tu, ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema ametoka kama mwizi wa kuku aliyekamatwa na kuku. Tangu siku hiyo alikula kiapo. Wanawe wakiinua simu, anajifunika kanga usoni. Wakimbembeleza, anasema, "Atanipiga mdogo wangu, siku nikiwa tayari. Nyinyi na visimu vyenu mtanitoa roho." Kimya akacheka, akasubiri. Akasubiri kwa miaka, akiwapiga watu baki waliomlipa na kumsahau, huku uso ule mmoja haumo popote kwenye makabati yake. Lilimkera hilo, lakini ataanzaje kumlazimisha mtu aliyemfunga kamba za viatu?

Kisha dada akaugua, na ugonjwa ukapanda kichwani. Mwanga ukawa unamchoma macho. Binti yake, mpwa wake Kimya, akatundika pazia zito dirishani, na chumba kikawa giza la adhuhuri.

Asubuhi moja mpwa alipiga simu. "Mjomba, mama anasema uje."

"Hali imebadilika?"

"Anasema uje na kamera."

Kimya akakaa kitako palepale, kwenye mkeka wa mlangoni. Alijua maana ya neno hilo, na alijua pia kwamba hatapewa siku nyingine.

Kabla ya kwenda alipita kwa fundi wa kamera, rafiki yake wa siku nyingi, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya. Alitaka lenzi zote mbili zifutwe vumbi, au ndivyo alivyosema. Kweli yenyewe ni kwamba alitaka mtu wa kubishana naye.

"Chukua Kisoda," fundi alisema, bila hata kuinua kichwa. "Iegemeze kamera kwenye mto, mwambie dada atulie, piga polepole."

"Mgonjwa hatulii. Anahema kwa shida. Picha itatikisika."

"Na Sufuria je? Utaishikaje?"

"Nitaishika kama nilivyoishika miaka yote."

Fundi akaitazama mikono ya Kimya juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka. Ilianza kidogo kidogo, chai ikimwagika kwenye kisahani, naye Kimya alikuwa anaificha mifukoni akidhani watu hawaoni. "Bwana we," fundi alisema kwa upole, "ile lenzi ikifunguliwa yote haina msamaha. Ukiyumba hata kwa upana wa kidole, uso umeukosa. Mkono wako si ule wa zamani."

Mtu mzima ukaambiwa hivyo, unajibu nini? Kimya akakasirika. Akaifunga Sufuria kwenye kamera mbele ya macho ya rafiki yake, akaondoka bila kuaga. Kisoda akaitumbukiza mfukoni kwa hasira, kama mtu anayebeba mwavuli aliolazimishwa na mkewe.

Dada alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amepungua, lakini kichwani alivaa kilemba kipya, na midomo ilikuwa imepakwa mafuta. Amejipamba! Kimya aliona hilo.

"Umekuja na hilo lisufuria lako?" dada aliuliza.

"Nimekuja nalo."

"Haya, nipike upesi, kabla sijaharibika."

Mpwa akacheka huku anafuta machozi. Kimya akapiga magoti kando ya kitanda, mifupa ikalia, akainua kamera. Chini ya pazia kulikuwa na ufito wa mwanga, basi. Ndani ya kidirisha akaona nyuso mbili za dada zikielea. Akazungusha. Nyuso zikasogeleana, zikaachana. Uzito wa lenzi ulimvuta mbele, naye akajisukuma nyuma kupambana nao.

"Tulia, Dada."

"Mimi nimetulia. Anayetikisika ni wewe."

Kimya alibana viwiko mbavuni, akashika pumzi, nyuso zikawa moja, akabonyeza. Tik. Akalenga upya. Tik. Macho ya dada yalikuwa yanamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kuyaona, laini, kama yanaomba kitu, na Kimya akajiambia ndiyo hiyo, ndiyo picha yenyewe, usiipoteze. Tik. Akapiga mpaka filamu ikagoma.

Aliposhusha kamera, mikono ya dada ilikuwa juu ya blanketi. Bado alikuwa anamtazama.

"Basi, mdogo wangu," alisema. "Nimechoka."

"Nitakuletea uione," Kimya akasema. Na akaondoka haraka, nisimfichie aibu yake, akiwa na furaha kama kijana aliyepata kazi.

Alisafisha filamu mchana huohuo, kwenye choo chake kilichozibwa dirisha. Ilipotoka majini akaikamata kwa ncha, akaiinua kwenye balbu, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Kwenye filamu kila kitu huwa kinyume, cheusi cheupe na cheupe cheusi, lakini yeye alikuwa anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Uso ulikuwa ukungu. Akasogea picha ya pili: ukungu. Ya tatu, hivyohivyo. Kila mara alikuwa amelenga sawasawa, kisha kabla ya kubonyeza akajisukuma nyuma kupambana na uzito, zaidi hata ya ule upana wa kidole aliousema fundi, na usafi wote wa lenzi ukatua hewani mbele ya uso wa dada yake. Kimya akaegemea ukuta. Miaka yote ya kusubiri, na ameuharibu uso ule kwa kiburi cha mikono.

Ndipo alipoona kwamba kwenye kona ya chini, upande wa kulia, kuna kitu.

Alirudi picha ya mwanzo. Kwenye kona kulikuwa na mkono, umelala juu ya blanketi. Picha iliyofuata, mkono umenyanyuka. Iliyofuata, umesogea mbele. Kisha ukawa umenyooshwa wote kuelekea kwake, vidole vimekunjuliwa, na kwa kuwa ulikuwa mbele ya uso, ulikuwa umetoka safi kuliko kitu chochote alichowahi kupiga: mistari ya kiganja, ncha za vidole, kovu la sindano. Ulikaa hivyo picha baada ya picha. Dada alikuwa ameona mdogo wake anatetemeka, akampa mkono, akangoja ashikwe.

Picha ya mwisho, mkono ulikuwa umerudi kwenye blanketi.

Kimya alilia. Alilia kwa sauti, mle chooni, mtu mzima mwenye mvi, filamu ikimchuruzikia maji kifuani. Kisha akaitundika, akaosha uso, akaing'oa Sufuria na kufunga Kisoda, akatia filamu mpya. Na hapa tusimwonee: kuchukua kamera hakukuwa roho mbaya. Wanawe dada walitaka uso. Na yeye pia aliutaka, mno.

Alifika jioni, jua limehamia upande wa pili wa nyumba, na mpwa alikuwa amelifungua pazia kidogo kwa sababu mwanga sasa haukumchoma mgonjwa. Dada aliusikia mwendo wake, akageuza kichwa.

Kimya akakaa kitandani, akautia mkono wake wa kulia kwenye kiganja cha dada. Vidole vikafunga.

"Ulininyooshea mkono," alisema. "Sikuuona, Dada. Haki ya Mungu, sikuuona."

"Najua. Lile lisufuria." Dada akavuta pumzi. "Unatetemeka tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Na hukuniambia, mjinga wewe."

Wakakaa. Mwanga wa dirishani ukamwangukia dada shavuni, ukashuka mpaka kidevuni, na uso ukatulia, maumivu yakiwa yamempa likizo. Hakujifunika. Kisoda ilikuwa kifuani kwa Kimya, nyepesi, imeshawekwa tayari, haizibi kona yoyote. Mwanga ule ungeitosha kabisa. Mpwa aliyesimama mlangoni akaliona hilo, akanong'ona, "Mjomba, piga. Piga sasa hivi."

Lakini kitufe cha kamera kiko upande wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa. Angeuchomoa kwa nukta moja tu. Dada asingelalamika, pengine angemtania. Kimya akayatazama macho yale yaliyomtazama asubuhi, akajua sasa yalikuwa yanaomba nini. Akamtikisia mpwa kichwa. Akabaki hivyohivyo, akiutazama uso kwa macho yake mawili bila kidirisha, mpaka mwanga ukaondoka shavuni na dada akasinzia akiwa bado ameushika mkono.

Hakuamka vizuri tena. Siku chache baadaye walimzika.

Palikuwa na maneno nyumbani kuhusu picha ya kuweka ukutani. Watoto wa kiume walitaka ile ya kitambulisho ikuzwe. Mpwa akasema wakithubutu atahama nyumba. Kimya akasikiliza, akaenda zake, akarudi na fremu iliyofungwa gazeti. Aliifungua mbele yao. Ilikuwa kiganja kilichonyooshwa, na nyuma yake ukungu wa kilemba na uso.

"Lakini, Mjomba, uso hauonekani," alisema kijana mkubwa.

"Hauonekani," Kimya akakubali. "Niliukosa. Nisameheni."

Mpwa aliisogelea fremu, akalitafuta kovu kwa kidole chake juu ya kioo.

"Barabara ya shule," alisema. "Alikuwa ananifanyia hivi kwenye barabara ya shule."

Kaka yake mkubwa akaenda kutafuta nyundo.